Rochester mwezi Desemba: waimbaji wanne na theluji ya sabuni

Tiketi ya treni ya kasi kutoka stesheni ya St Pancras, London, kwenda Rochester ni ya bei, na siku ya sherehe ya Krismasi ya enzi za Dickens haikuhakikishii kiti. Nilisimama njia nzima mlangoni, nimebanwa na sketi mbili za krinolini. Lakini hapo ndipo nilipoona vazi lile linavyofanya kazi. Ndani mna pete za chuma chembamba zilizoning'inizwa kwa tepe kutoka kiunoni, mfano wa tenga la kuku. Ukiubonyeza upande mmoja, upande wa pili unainuka na kuonyesha vifundo vya miguu. Kwa hiyo mvaaji hupita mlangoni kiubavu, mkono mmoja ukikandamiza pete za mbele na mwingine ukizuia za nyuma. Kabla chuma hicho hakijaingia sokoni, mwaka 1856, upana ule ule ulipatikana kwa kurundika magagulo, moja likiwa limefumwa kwa singa za farasi.

Rochester iko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kando ya mto Medway. Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa karne ya kumi na tisa, alikulia Chatham, mji wa jirani, na alifariki mwaka 1870 nyumbani kwake Gad's Hill, si mbali na hapo. Ndiyo maana mwanzoni mwa Desemba barabara kuu ya mji hujaa kofia ndefu nyeusi, vizibao na taa za mkononi. Chai katika kikombe cha karatasi ilinigharimu kiasi cha kununua sahani ya pilau Kariakoo, na foleni ya choo ilikuwa ndefu kuliko ya chai. Ngome na kanisa kuu wameandika wengine. Mimi nilifuata waimbaji wanne tangu saa tano asubuhi mpaka giza lilipoingia.

Wanne, kwa sababu kila sauti ina mtu mmoja: ya kwanza, ya pili, teno na besi. Hakuna kinanda. Aliyeimba besi alikuwa na filimbi ndogo ya duara mfukoni mwa kizibao. Aliipuliza mara moja, taratibu, kila mmoja akaivumia noti yake mdomo ukiwa umefumbwa, ndipo wakaanza. Nje hakuna mwangwi wa kuibeba sauti, hivyo walisimama ukuta ukiwa mgongoni, wakaimba kwa mwendo wa haraka kidogo kuliko kanisani, beti mbili au tatu tu. Dakika thelathini za kuimba, kisha dakika ishirini ndani penye joto, wakinywa maji ya uvuguvugu. Yakiwa ya moto sana, koo linarudi kwenye baridi na kukaza.

Nililotaka kuliona hasa ni koseti, vazi la ndani la kubana kiuno kwa kamba. Wengi hudhani inamziba mtu pumzi. Inamziba iwapo imefungwa vibaya. Aliyeimba sauti ya pili hufungwa kamba huku amevuta pumzi kamili na kuishikilia, na nyuma huachwa nafasi ya kama sentimita tano kati ya kingo mbili. Bado tumbo haliwezi kutanuka, hivyo pumzi hukaa juu, mbavuni. Sentensi ambayo mwalimu wa kwaya kwetu angeidai kwa pumzi moja, wao waliigawa mara mbili, na mahali pa kuvuta pamewekwa alama kwa kalamu nyekundu ili wanne wasivute kwa pamoja.

Kofia za wanawake nazo zina taabu yake. Ukingo wake unatokeza mbele ya uso na kuziba masikio, kwa hiyo ukisimama kwenye mstari mnyoofu humwoni jirani wala humsikii vizuri. Dawa yake ni kusimama kwa umbo la mwezi mwandamo, wenye kofia hizo wakiwa kwenye ncha, wanaume katikati.

Sasa theluji. Siku hiyo haikuanguka ya mbinguni, ikawekwa mashine juu ya dirisha la ghorofa, inayopuliza povu la sabuni. Waimbaji walikuwa katikati ya ule wimbo wa malaika, "Hark! The Herald Angels Sing", wenye tuni ya mtunzi Mendelssohn, tuni ambayo haikuunganishwa na maneno hayo hadi mwaka 1855. (Wao walijitangaza kuwa kundi la kuigiza mwaka 1843, na kosa hilo liliniuma.) Mtu akaiwasha mashine bila kuwaonya. Upepo ukaleta povu lote kwao. Sauti ya kwanza alikuwa ndiyo kwanza amefungua kinywa kuvuta pumzi ya mstari wa juu, na povu likaingia mpaka kooni. Akakohoa, akainama, koseti ikamzuia kuinama zaidi, akabaki ameshika ukuta.

Kilichookoa wimbo ni makubaliano ya mazoezini: akianguka mwenye tuni, teno anaichukua oktava moja chini, sauti ya pili haibadilishi chochote, besi anashikilia mwendo. Sehemu ya teno inabaki wazi, na wasikilizaji wengi hawatambui. Kwaya isiyopanga hivyo ingenyamaza.

Uharibifu ulionekana baadaye. Povu juu ya mawe ya barabara linateleza, na soli za ngozi hazina breki. Waliobandika mpira mwembamba chini ya viatu walitembea, wengine walishikana mikono. Pindo lililokuwa likigusa ardhi lilinyonya maji na sketi ya sufu ikawa nzito hata kiuno kikavutwa. Pindo linatakiwa kuwa juu ya ardhi sentimita tano, mvaaji akiwa na viatu na krinolini yake, si kipimo cha mezani. Kofia iliyotiwa wanga ilianza kulegea. Wakaijaza kitambaa kikavu ndani ili ikauke na umbo lake. Sabuni kwenye velveti waliipangusa kwa maji baridi bila kusugua. Pasi hapo ingeigandisha alama.

Fundi cherehani wa kwetu anaweza kushona sketi ile. Vitambaa vitatu vya upana wa sentimita 150 vikiunganishwa vinatoa mzunguko wa mita nne na nusu. Hata mzunguko wa mita nne unatosha, kisha kiunoni unakunjwa marinda madogo ya kushonwa kwa mkono. Gagulo la ndani ni merikani tupu.

Jioni yule wa besi alinionyesha karatasi zake. Hazikuwa na mistari mitano ya muziki. Zilikuwa d, r, m (do, re, mi), na nukta mbili katikati, kama madaftari ya kwaya za kwetu. Nilisimama pale na baridi yangu nikizisoma bila kusaidiwa. Mfumo huo aliubuni Sarah Glover wa Norwich, mchungaji John Curwen akaueneza kuanzia miaka ya 1840, na wamisionari wakaubeba hadi Afrika. Bibi zetu waliimba kwa nota za wakati huo huo wa krinolini.

Tangu hapo nawaza Mkunazini, Unguja, ambako jiwe la msingi la kanisa lililojengwa penye soko la watumwa liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Kwaya ikitaka kuvaa ya mwaka ule, isivae krinolini: kufikia 1873 sketi ilikuwa bapa mbele na imetunishwa nyuma tu, na hiyo inapita mlango wowote. Sufu iachwe kabisa, merikani iwe ndani na nje, koseti ilegezwe vidole vinne kwa ajili ya joto. Na kalamu nyekundu ipite kwenye nota zote kabla ya mazoezi ya kwanza.