Kibao cha pasi na siku 90

Nilikuwa chumbani kwa dada yangu, Valencia, Hispania, kompyuta nimeiweka juu ya kibao cha pasi kwa sababu meza pekee ya nyumba ilishatekwa na watoto. Nikaingiza neno la siri la kazini, likakataa. Nikarudia, likakataa. Mara simu ikaita: kijana wa kitengo cha kompyuta cha kampuni yetu, kutoka Ujerumani ninakoishi na kufanya kazi.

"Uko nyumbani?"

Nikajibu ndiyo. Halafu ndiyo nikakumbuka kwamba huyu mtu ana kioo mbele yake, na kioo kinamwonyesha kuwa nimeingia kupitia intaneti ya Hispania. Nikameza mate. "Niko kwa dada."

Safari yenyewe ilikuwa halali kabisa. Ukiwa na kibali cha ukaazi cha nchi mojawapo ya Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao) pamoja na pasipoti hai, unaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen bila viza hadi siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Siku ya kufika inahesabiwa, ya kuondoka nayo inahesabiwa. Siku unazokaa katika nchi iliyokupa kibali hazimo kwenye hesabu. Nilikuwa nimeomba likizo ya siku tatu tu. Wiki mbili zilizobaki nilijiambia kazi ni ileile, mshahara unatoka kulekule, nani atajua?

Lakini ruhusa ya kuingia bila viza inahusu mlango tu. Ukiingia ufanye nini, kila nchi ina yake. Uingereza ilirekebisha kanuni zake tarehe 31 Januari 2024: mgeni anaruhusiwa kumfanyia mwajiri wake wa nje kazi kwa mbali, mradi hiyo isiwe sababu kuu ya safari. New Zealand nayo ikafungua mlango tarehe 27 Januari 2025. Kanada inamruhusu mgeni kwa muda usiozidi miezi 6. (Najua, wengi wetu huko tunaingia kwa viza, ila ukishakuwa mgeni, kanuni ni hiyohiyo.) Hispania, kwa sheria ya Desemba 2022, iliweka kibali maalumu kwa wanaotaka kuhamia na kazi yao ya mbali. Kwa mtu wa wiki mbili aliyekuja kuwaona wapwa zake, nchi nyingi hazisemi wazi, na sisi ukimya huo tunaugeuza kuwa ruhusa.

Nilitegemea kufokewa na mama wa rasilimali watu. Hakufoka, aliuliza. Je, nina cheti cha A1? Sikuwa hata nimewahi kukisikia. Hicho ndicho kinachothibitisha kwamba, ingawa kwa muda unafanya kazi ukiwa katika nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, michango yako ya hifadhi ya jamii inabaki Ujerumani. Anayekiomba ni mwajiri, na huwezi kuombewa kama umeondoka kimyakimya. Swali la pili: je, nasaini mikataba kwa niaba ya kampuni? Nikashangaa linahusiana vipi. Kumbe mfanyakazi mwenye mazoea ya kufunga mikataba akiwa nchi fulani anaweza kuifanya mamlaka ya kodi ya huko iseme kampuni ina kituo cha biashara pale, na faida yake ikaanza kudaiwa kodi. Mimi natengeneza programu, sisaini chochote. Alipumua, nikamsikia.

Swali la tatu lilikuwa siku ngapi, na hapa ndipo wengi tunajichanganya. Siku 90 ni za uhamiaji. Siku 183 ni za kodi, ziko kwenye mikataba ya kodi baina ya nchi na nchi, na hazikuongezei hata siku moja ya kukaa. Tena peke yake 183 haitoshi: mwajiri asiwe mkaazi wa nchi uliyoitembelea, na mshahara wako usibebwe na kituo chake kilichoko huko. Nimeshamsikia mtu akijigamba kwamba "nina miezi sita" kwa sababu ya hiyo 183. Miezi sita tunayopaswa kuikumbuka wenye kibali cha Ujerumani ni nyingine: kwa kawaida ukikaa nje zaidi ya hapo, kibali kinakufa. Wenye Blue Card ya Ulaya, kibali cha wafanyakazi wenye ujuzi wa juu, wana miezi 12.

Kwa hiyo wanaosema "fungua kompyuta ufanye kazi, hakuna anayekuja kukagua" wanasema kweli kwa siku nyingi. Mimi sitaki tu siku ile moja inikute nikiwa na jalada la uhamiaji linalosubiri kuongezwa muda.

Akaunti ilifunguliwa kesho yake, baada ya siku zilizobaki kugeuzwa likizo. Mwaka huu nilienda tena, wiki mbili, barua ya ruhusa mkononi na A1 imechapishwa. Siku ya pili dada akabisha hodi katikati ya kikao.

"Mdogo wangu, ofisi yako naiomba dakika kumi, nina gauni la kupiga pasi."