Kati ya neno na hasira

Ujumbe umeingia: "Sawa." Basi. Kifua kinabana, na kichwani kesi imeshakatwa: amenuna, ananidharau, ndivyo alivyo. Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, wangekushika mkono hapo hapo. Kilichotokea ni kwamba mtu ameandika herufi 4. Mengine yote umeyaongeza wewe.

Epictetus, Mstoa aliyekuwa mtumwa kabla ya kufungua shule yake Nicopolis, mji wa Ugiriki, aliwazoesha wanafunzi wake kutenganisha tukio na hukumu tunayoitoa juu yake. Zoezi hili lifanye kwa kalamu, kwa sababu kichwani vitu hivyo viwili hugandana. Gawa karatasi katikati. Kushoto andika kile ambacho hata mpita njia angekiona: "Amechelewa dakika 40, hakupiga simu." Kulia andika ulichoongeza: "Hanijali." Maneno kama "kila siku", "makusudi" na "kamwe" karibu yote huangukia kulia. Ukimaliza, zungumza naye kuhusu upande wa kushoto tu. Mtu hawezi kubisha dakika 40, ila "hunijali" atabishana nayo mpaka usiku wa manane.

Wengi hukwama kwa kudhani kuwa Mstoa hashtuki. Si kweli. Aulus Gellius, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia juu ya mwanafalsafa wa Kistoa aliyesafiri naye baharini, akapauka uso dhoruba ilipochafuka. Alipoulizwa, alieleza kutoka mafundisho ya Epictetus kwamba mshtuko wa kwanza huja bila ruhusa. Kilicho mikononi mwetu ni kuuridhia au kuukataa. Kwa hiyo usipigane na kifua kinachobana. Kiache kibane, ila usikiamini bado.

Seneca, Mstoa wa Roma aliyeandika vitabu 3 juu ya hasira, aliona dawa yake kubwa ni kukawia. Kukawia kwenyewe kuna ufundi. Jibu lako liandike mahali pengine, si kwenye kisanduku cha ujumbe, maana kidole huteleza. Lisome baada ya nusu saa, ukiwa umeshakula. Kisha uliza kwanza: "Nimeona kama umeudhika. Kuna jambo?" Kukawia bila kuuliza ni kununa tu, na mwenzako atakusoma hivyo.

Kanuni ya "hili liko mikononi mwangu, lile haliko" ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Mtu anamtolea mwenziwe maneno makali, kisha anasema: "Hisia zake ni juu yake." Maneno yalikuwa yako! Epictetus huyo huyo alifundisha kwamba wajibu hupimwa kwa uhusiano: wewe ni mtoto, ndugu, mzazi, jirani wa nani? Alisema kila jambo lina mishikio miwili. Ndugu yako akikukosea, ukilishika jambo kwa mshikio wa kosa halibebeki. Lishike kwa ule wa "tumelelewa pamoja". Lakini anayepigwa nyumbani asifikiri falsafa hii inamwambia avumilie. Haki ni mojawapo ya fadhila 4 za Wastoa, pamoja na hekima, ujasiri na kiasi, na kuondoka ni jambo lililo mikononi mwake.

Kabla ya mazungumzo magumu, badilisha lengo. "Akubali" si lengo lako. "Nieleze mambo 2 bila kumkatiza" ni lako. Mpiga mshale hulenga. Upepo si wake.

Marcus Aurelius, Mstoa na mfalme wa Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, alijikumbusha asubuhi kwamba angekutana na wadaku, wasio na shukrani na wenye kiburi. Watu huishia hapo, wakatoka nyumbani wamekunja ngumi. Yeye aliendelea: hao wanakosea kwa kutojua jema na baya, nao ni jamaa zangu, tumeumbwa kushirikiana kama mikono miwili. Ukiruka nusu hiyo ya pili, zoezi linageuka dhana mbaya.

Usiku, taa ikishazimwa, Seneca aliipitia siku yake yote. Anayeanza achukue tukio 1, dakika 5, asije akajichapa mpaka usingizi ukaruka. Nilisema nini? Ningesema nini badala yake? Jibu la swali la pili litamke kwa sauti, neno kwa neno, kisha jisamehe kama Seneca alivyojisamehe, ulale.