Saa ya Shemeji

Usiku wa kuamkia Jumapili, 7 Novemba 2021, Marekani ilirudisha saa nyuma. Saa nane za usiku zikawa saa saba. Ilikuwa siku ya pili ya msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huko Minnesota, nasi tulikuwa tumelala kwenye kijumba cha mbao karibu na mji wa Alexandria. Simu zilijirekebisha zenyewe. Saa ya mkononi ya shemeji, ya mishale, ilingoja mkono wake, naye aliirudisha alfajiri ndani ya gari, gizani, akifuatisha saa ya dashibodi. Hakuna aliyejiuliza dashibodi yenyewe ilipata wapi saa.

Sheria ya Minnesota kwa kulungu ni fupi: unaruhusiwa kufyatua kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Ugumu ni jua la wapi. Kwa kila digrii moja ya longitudo ukielekea magharibi, jua huchelewa dakika 4. Jioni ile Minneapolis lilizama saa kumi na dakika 54. Kule shambani, digrii mbili na ushei magharibi zaidi na juu kidogo kaskazini, lilizama saa kumi na moja kamili. Anayetumia saa za mjini hujipunja dakika 6 jioni, hasara ndogo. Asubuhi mambo hugeuka: dakika zaidi ya 10 za mwanzo anazoziona halali si zake. Ndiyo maana mzee mwenye shamba alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye utepe wa karatasi, akaubandika kila dungu: asubuhi 12:40, jioni 11:30. (Yeye aliandika kwa saa za Kizungu, 6:40 na 5:30, lakini shemeji na mimi tulizisoma kwa saa zetu tangu siku ya kwanza, kama kila Mswahili afanyavyo hata akae ughaibuni miaka thelathini.)

Nusu saa hiyo haikuokotwa hewani. Kwetu Pwani jua huzama likiwa wima na giza hufuata mbio. Ikishaadhiniwa Magharibi, dakika 20 zikipita, umbo la mtu unaliona lakini uso huutambui. Huku kaskazini linateleza kwa mshazari, utusitusi unakawia. Mnamo Novemba kwenye latitudo ile huchukua takriban nusu saa mpaka jua lifike digrii 6 chini ya upeo wa macho, na hapo ndipo jicho la kawaida hushindwa kutenganisha vitu vya mbali bila taa. Kwa hiyo kile ambacho wawindaji wengi hukiita ukali wa sheria, mimi nakiona ni mkopo: sheria imekukopesha mwanga wote uliobaki. Wawindaji wa mabata hawapati hata huo; sheria ya shirikisho inawafungia jua linapozama, maana ndege anayeruka dhidi ya anga la machweo ni kivuli tu, na bata wa aina hii ana idadi yake inayoruhusiwa kuwindwa, wa aina ile ana yake.

Mapatano yetu yalikuwa haya. Ikifika saa kumi na moja na nusu, kila mtu anatoa risasi kwenye chemba na kwenye magazini, anazihesabu mfukoni, anateremsha bunduki tupu kwa kamba, kisha anashuka ngazi akiwa bado amefungwa mkanda wa usalama. Baada ya hapo tunatembea ukingoni mwa msitu kukutana getini. Nilishuka kwa saa ya simu. Risasi zangu tatu zilikuwa mfukoni. Upande wa kusini-magharibi mwezi mwandamo ulikuwa umekaa kando ya Zuhura, mwembamba, usiomulika kitu. Nilikuwa nimevaa kizibao cha rangi ya chungwa inayowaka, kama inavyotakiwa, ila rangi hiyo huwaka mchana. Utusitusi ukiingia, jicho hupoteza kwanza nyekundu na chungwa. Kizibao changu kilikuwa kijivu kama magome ya miti.

Mlio ulitoka dungu la shemeji. Nikatazama simu: saa kumi na moja na dakika 33.

Sikuwa kwenye mstari wake. Nilikuwa kama mita 300 kushoto kwake, na kilima kidogo cha udongo kati yetu. Lakini yeye hakujua kwamba nimeshuka. Kwa saa yake nilikuwa bado juu ya mti, kwa sababu saa yake ilisema saa kumi na moja na dakika 29.

Hili ndilo wanaobishana kuhusu dakika hulikosa. Nimewasikia wengi, gereji na kwenye maduka ya bunduki: wapo wanaosema nikiziona pembe nafyatua, saa ni ya karani, wapo wanaosema dakika tano haziui mtu, wapo wanaoheshimu jioni kwa sababu askari wa wanyamapori huegesha gari barabarani wakihesabu milio iliyochelewa, ila asubuhi hawana habari na saa. Wote wanazungumzia kama mnyama anaonekana. Kumbe ile saa ni ahadi kati ya watu kwamba kuanzia sasa kila bunduki ni tupu, na kwa ahadi hiyo mtu anathubutu kutembea msituni gizani. Risasi ya donge moja ya shotigani geji 12 ikikosa nyama hugonga ardhi na kuruka mamia ya mita.

Shemeji alinikuta getini anahema. "Shemeji, nimempata. Dume, mita 80, kasimama ubavu kabisa."

"Saa ngapi?"

Akanionyesha mkono. Nikamwonyesha simu. Akakaa kimya, akaipiga saa kwa kidole kama mtu anayepiga kopo kuona kama lina kitu. "Bismillahi nimesema," akasema mwishowe, kana kwamba ndilo nililouliza.

Bunduki tulizifungia garini, tukarudi na tochi. Hapa ndipo mwanga uliopita hudai riba. Darubini yake ilikuwa ya kukuza mara 3 hadi 9, kioo cha mbele milimita 40, naye aliiacha kwenye 9. Gawanya 40 kwa 9, unapata mwali wa milimita 4.4 unaofika jichoni, ilhali mboni gizani hufunguka hadi 6 au 7. Angeishusha hadi 6 angepata karibu 6.7, picha ndogo lakini angavu. Na hata hivyo darubini hudanganya: humwonyesha mnyama, haionyeshi mstari wa bega. Kulungu yule wa Novemba ni wa kijivujivu. Mwanga ukipungua, bega, mbavu na tumbo huwa kipande kimoja, na mnyama aliyegeuka kidogo huonekana amesimama ubavu.

Pale kulungu aliposimama tulikuta nywele. Za mgongoni na mbavuni ni nyeusi kwenye ncha. Hizi zilikuwa nyeupe na nene, za tumbo. Damu kidogo, nzito, na hatua ishirini mbele, kwenye jani la mwaloni, chembe za kijanikibichi zenye harufu kali. Damu ya mapafu ingekuwa ya waridi yenye povu, unamkuta ndani ya mita 150. Ya ini ni nyekundu iliyoiva, unasubiri muda wa saa tatu au nne. Ya tumbo unasubiri muda wa saa nane au zaidi, kwa sababu mnyama wa namna hiyo hulala karibu akiachwa, na akifukuzwa huenda kilomita.

Mzee alituambia turudi nyumbani. Shemeji hakutaka. Hali ya hewa ilikuwa ya joto lisilo la Novemba, mchana tulivua makoti, na nyama yenye utumbo uliotoboka haingojei asubuhi katika joto hilo. Jioni ya baridi kali ungemwacha bila wasiwasi. Akifyatua saa tisa alasiri, angekuwa na saa mbili za mwanga za kuamua. Sasa kila chaguo lilikuwa baya, tukachagua lililo baya zaidi: tukamfuata. Kama mita 180 ndani ya msitu tulisikia vijiti vikivunjika, kitu kizito kikiinuka. Tochi ilipofika pale palikuwa na majani yaliyolaliwa, yana uvuguvugu. Hapo hata shemeji akakubali.

Tulimpata Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, karibu kilomita moja mbali, ndani ya bwawa la matete. Mnyama aliyejeruhiwa tumbo huwaka kiu, hukimbilia maji. Alikuwa amezama nusu, na paja moja limeliwa na koyoti, mbwa-mwitu wadogo wa huko. Shemeji alivua viatu, akaingia, akamgeuza kichwa. Pembe za ncha nane. Akarudi ukingoni, akasimama na suruali inadondosha maji.

"Aliyekutwa majini haliwi," akasema. "Hujui amekufa kwa risasi au kwa maji."

Mzee, asiyejua fiqhi, alikuwa ameshafika hukumu ileile kwa pua yake.

Leseni ilikuwa ya kulungu mmoja, na yule alihesabika awe ameliwa au hajaliwa. Shemeji akatoa kwenye pochi tagi, kile kikaratasi cha leseni anachofungwa mnyama aliyeuawa, akafungua kisu kidogo, akatoboa mwezi, akatoboa tarehe 7. Aliipitia mbele na nyuma akitafuta pa kuandika dakika. Hapakuwapo. Akaifunga kwenye pembe kwa uzi, akaanza kutafuta viatu vyake.