Yule Pierrot anayesinzia juu ya barua

Wiki ya pili hii kila nikisema nalala najikuta nimeshika simu natafuta kitu kimoja tu, video za yule mdoli wa mashine wa Kifaransa anayeitwa Pierrot Écrivain, yaani Pierrot mwandishi. Aliundwa Paris kwenye karakana ya Gustave Vichy miaka ya 1890, na jamani, kama hujawahi kumwona ngoja nikuelezee maana sitaki nikae na hii peke yangu.

Amekaa mezani, uso mweupe pee, kalamu mkononi, taa ya mafuta iko mbele yake. Unamjaza kwa ufunguo kama unavyojaza saa, kinanda kidogo kilichofichwa ndani kinaanza kulia, naye anaanza kuandika barua ya mapenzi kwa Colombine, yule msichana anayempenda. Kichwa kinafuata mstari, mkono unakwenda unarudi. Halafu kope zinaanza kushuka. Kichwa kinalemea upande wa mbele, mkono unapoa, na hapa ndo utamu wenyewe, utambi wa taa nao unashuka, mwanga unafifia kama vile taa imeambukizwa usingizi. Kimya. Unasubiri. Unasubiri tena. Mara anashtuka, kichwa juu! anaitazama taa, ananyoosha mkono anapandisha utambi, mwanga unarudi, anaendelea kuandika kama mtu ambaye hajalala hata kidogo na ukimuuliza atakataa.

Nilimwonesha mama. Akatazama mara ya kwanza bila kusema kitu, pale aliposhtuka akacheka mpaka akashika mbavu, akaniambia "mwanangu, huyu si baba yako na gazeti lake!" Halafu akasema rudisha nyuma, na tukarudisha nyuma, na akacheka tena palepale, kwa nguvu ileile, ilhali sasa anajua kabisa nini kinakuja.

Hicho ndo kilichoninyima usingizi. Kichekesho ukikirudia mara ya pili kwa kawaida kinakufa, mimi nina binamu yangu ana kisa kimoja cha mbuzi amekisimulia kwenye kila harusi na sasa hivi akifungua mdomo tu watu wanakumbuka kwenda chooni. Sasa huyu wa mbao na karatasi ngumu anarudia kichekesho kilekile miaka mia na ushee, na bado kinafanya kazi. Vipi?

Nikaanza kuchimba namna anavyofanya kazi ndani. Kuna springi, kuna gia, na kuna mhimili wenye visahani vya chuma vimepangwa ubavu kwa ubavu. Kila kisahani kina kazi yake, hiki cha kope, hiki cha shingo, hiki cha mkono, hiki cha utambi. Ukingo wa kisahani si duara safi, una vilima na mabonde, na juu yake kuna wenzo umeegemea, ukipanda kilima kichwa kinainama, ukitumbukia bondeni kinainuka. Watu wa gereji mshanielewa, ni kamshafti ile ile tu, ila badala ya kufungua valvu inafungua macho ya mtu.

Sasa ule usingizi mzito, ule wakati wa kusubiri unaofanya mama yangu aanze kutabasamu kabla ya wakati, umetengenezwa na nini? Na kipande cha ukingo ambacho fundi hakukichonga kitu. Amekiacha laini, wenzo unateleza juu yake hauendi popote. Na kule kushtuka ni pale ukingo ulipokatwa wima ghafla kama ngazi iliyovunjika, wenzo unadondoka, kichwa kinaruka. Yaani yule fundi alikaa na tupa yake akaamua kimya kiwe kirefu hivi, kisizidi kidogo wala kisipungue, akakiandika kwenye chuma. Wachekeshaji wote wanajua kwamba kichekesho kiko kwenye kusubirisha, maneno ni ziada. Huyu jamaa alipima kusubirisha kwa tupa!

Na huyo Pierrot ana asili ya jukwaani, hakutoka hewani. Zamani alikuwa mmoja wa wale watumishi wajinga wa vichekesho vya Kiitaliano, lakini Pierrot tunayemjua sisi, yule mweupe, mkimya, mwenye huzuni yake ya kuchekesha, kampa sura hiyo mtu mmoja hasa, Jean-Gaspard Deburau. Alizaliwa 1796 Kolín huko Bohemia, nchi ambayo leo ni Czech, akaja kuwa nyota wa ukumbi wa Funambules pale Boulevard du Temple, Paris, ukumbi wa watu wa kawaida, wale wa kupanda ghorofa ya juu kabisa na kurusha maganda. Kwa muda mrefu leseni ya ukumbi ule haikuruhusu tamthilia ya kusemezana, maneno yalikuwa mali ya kumbi kubwa, basi Deburau akachekesha kwa mabega, kwa nyusi, kwa kusimama tu. Alitupa ile kola kubwa ya marinda, akavaa kofia nyeusi ya kubana kichwa ili uso uonekane vizuri, na akafanya machache mno, watu waliomwona walisifu sana utulivu wake.

Mwaka 1836 akiwa anatembea mtaani na familia yake kijana mmoja akawa anamfuata akimtukana, Deburau akampiga na fimbo na kijana akafa. Alishtakiwa, akaachiwa huru. Inasemekana watu walijaa mahakamani angalau wasikie sauti yake ikoje. Sijui nicheke au nisicheke hapo, kuna familia ilipoteza mtoto.

Deburau alikufa 1846. Vichy mwenyewe alizaliwa 1839, kwa hiyo kama aliwahi kumwona basi alikuwa mtoto mdogo sana, na karibu miaka hamsini ilipita kabla huyu mdoli hajakaa mezani. Mtoto wa Deburau, Charles, alirithi nguo nyeupe, wapiga picha kina Nadar wakampiga zile picha maarufu miaka ya 1854 na 1855, wengine wakamwiga Charles, wengine wakawaiga hao. Kwa hiyo mashine ni nakala ya nakala ya nakala. Na Funambules yenyewe ilibomolewa 1862 pamoja na kumbi zingine za ule mtaa Haussmann alipokuwa anaipanga Paris upya. Ukumbi hakuna, mtu hakuna, filamu yake haipo kabisa, lakini kule kutulia kabla ya kushtuka kumepita mkono kwa mkono mpaka kwenye kisahani.

Kuna wanaomlinganisha Pierrot na yule Mwandishi wa fundi saa Jaquet-Droz, yule mtoto wa mashine aliyeko makumbusho ya Neuchâtel Uswisi, aliyekamilika 1774. Huyo ana vipande karibu 6,000 na anaandika kweli, anachovya kalamu kwenye wino, anakung'uta, na unaweza kumpangia maneno mpaka herufi 40. Kwa ufundi hamna ubishi, Pierrot kwake ni mwanafunzi. Ila mimi nikimtazama yule mtoto nasema duh, mashine gani hii, namheshimu, basi. Pierrot haandiki kitu! Kalamu inacheza tu juu ya karatasi, barua ya Colombine haijawahi kupata hata nukta moja tangu Vichy akiwa hai. Na ndivyo anavyotakiwa awe, maana mwigizaji wa ishara hahitaji wino, anahitaji wewe uamini kuna wino. Mmoja ni karani, mwingine ni msanii, na mimi nachagua msanii.

Niseme pia kitu ambacho hakinifurahishi. Ukifuatilia hizi karakana za Paris utakutana na wadoli wengi wa watu weusi, wanavuta sigara, wanapiga banjo, midomo na macho vimekuzwa ili mzungu wa sebuleni acheke. Wakati huohuo Paris kulikuwa na mchekeshaji mweusi wa kweli, Rafael Padilla aliyejulikana kama Chocolat, aliyezaliwa utumwani Cuba, akawa nyota pale Nouveau Cirque pamoja na Mwingereza George Foottit, Chocolat akiwa ndiye wa kupigwa makofi kila siku. Alifariki Bordeaux 1917, hali yake ikiwa duni. Yeye angalau wale ndugu wawili kina Lumière, waanzilishi wa sinema, walimpiga filamu fupi na Foottit, ukimtazama pale unaona mwili wa mtu anayejua anachofanya, kuanguka kwake kuna hesabu. Wale wadoli weusi hawana hesabu yoyote ya mtu, wana dharau tu imefungwa springi. Siwatazami zaidi ya mara moja.

Na hiyo filamu ndiyo iliyokuja kuchukua kazi. Lumière walionesha picha zao kwa watu wa kulipa kiingilio Paris tarehe 28 Desemba 1895, yaani zama zilezile za Pierrot wetu, na kufikia maonesho makubwa ya dunia ya Paris ya 1900 yule mchekeshaji mfupi wa Kiingereza Little Tich alishapigwa filamu akicheza na viatu vyake vya urefu wa inchi 28, anasimama kwenye ncha zake kama yuko kwenye mironjo. Baada ya hapo nani ahangaike na tupa?

Ila filamu haizeeki kama mashine, na kuzeeka kwa mashine kuna mambo. Mafuta ya ndani yakikaa miaka yanaganda kama gundi, kile kifeni kidogo kinachozuia springi isimwage nguvu yote kwa mkupuo kinaanza kusuasua, na Pierrot anapunguza mwendo. Nimeona video moja ya hivyo. Anasinzia vizuri, tena vizuri kuliko wote, lakini wakati wa kushtuka hashtuki, kichwa kinapanda polepole, polepole, mkono unatafuta taa kama hauioni. Vipande vyote vipo na kila kisahani kinatimiza wajibu wake, na hakuna cha kuchekesha hapo, ni mzee tu ameamka usiku kwenye chumba chenye giza.

Nilimwonesha mama na hiyo. Hakucheka. Akauliza kama hakuna fundi wa kumsafisha, nikamwambia wapo, akasema basi weka yule wa kwanza, anzia pale taa inaposhuka.