Mdogo wangu alishtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa: tulivyopambana na kesi hiyo Nakuru

Mdogo wangu ni dereva wa pikapu. Hubeba viazi kutoka Molo hadi sokoni hapa Nakuru, na leseni ndiyo jembe lake. Aliposhikwa kwenye kizuizi usiku wa Ijumaa baada ya kupuliza Alcoblow, kile kipimo cha pombe kwenye pumzi, watu walinizungumzia faini. Mimi hofu yangu ilikuwa leseni. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinataja faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Juu ya hayo, ukipatikana na hatia unanyimwa leseni kwa miezi 12. Mwaka mzima bila usukani, na ana watoto shuleni.

Kituoni kila mtu alikuwa na ushauri uleule: akiri, alipe, aende zake. Jamaa mmoja aliyekuwa akizungukazunguka pale nje alininong'oneza kwamba mambo yanaweza kuishia hapohapo. Nilimkatalia waziwazi, nikaulizia dhamana. Katiba, kifungu cha 49, inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, husubiri hadi siku ya mahakama inayofuata. Bila dhamana angelala seli hadi Jumatatu. Nililipa na sikuondoka pale mpaka nikapewa stakabadhi.

Kisha nikatafuta wakili. Familia ilikuwa na wakili wake, mtu mwema sana, lakini kazi yake ni hati za mashamba. Nilitaka mtu anayesimama mbele ya mahakimu kwa kesi za trafiki wiki baada ya wiki. Mwenye matatu mmoja, jirani yangu hapa Free Area, alinielekeza kwa mzee ambaye amewatetea madereva kwa miaka mingi. Kabla ya kumpa hata shilingi nilitafuta jina lake kwenye orodha ya LSK, chama cha mawakili Kenya, mtandaoni, nione kama ana cheti cha kufanya kazi mwaka huo. Ada tuliiandika kwenye karatasi, na kila malipo nikapewa risiti.

Jambo la kwanza alilomwambia mdogo wangu ni asimfiche chochote. Akakiri kwamba alikuwa amekunywa bia. Basi, Jumatatu asubuhi, kwenye benchi nje ya mahakama, mzee akaisoma hati ya mashtaka polepole, kalamu ikifuata kila mstari, halafu akairudia tena.

"Mama, hapa wanasema alipuliza akapita kiwango," akaniambia. "Lakini alishindwaje kulimudu gari? Hilo silioni."

Akanifafanulia kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kipimo cha pumzi peke yake hakitoshi. Kosa lenyewe liko kwenye kifungu cha 44, nacho kinataka ithibitishwe kuwa dereva alilewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari ipasavyo. Mimi ningeisoma hati ile mara mia bila kuliona pengo hilo.

Mdogo wangu akakana mashtaka. Wakili akaomba nakala za taarifa za mashahidi, haki iliyomo kwenye kifungu cha 50 cha Katiba. Ikafuata miezi ya kutajwa na kuahirishwa, ambayo sina haja ya kuisimulia.

Siku ya kusikilizwa, wakili alimuuliza askari maswali mafupi. Gari lilikuwa linayumba? La. Ulipompungia mkono, alisimama? Alisimama. Katikati ya barabara au kando? Kando. Alitembea mwenyewe hadi kwenye gari lenu? Ndiyo. Akashukuru, akaketi. Moyo wangu ulitaka aendelee kuuliza, lakini yeye alijua alichokuwa akikitafuta ameshakipata, na swali moja zaidi lingempa shahidi nafasi ya kujitengeneza. Uzoefu niliulipia pale. Hakimu aliona hakuna kesi ya kujibu, akamwachilia chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai.

Tulipotoka nje nikataka kushangilia. Mzee akamgeukia mdogo wangu: "Kijana, wameshindwa kuthibitisha. Mimi sijasikia mtu akisema ulifanya vizuri." Nilifurahi alivyosema hivyo. Sisi watu wa Nakuru tunaijua barabara ya Salgaa. Pale Migaa, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 walikufa katika ajali moja. Sikupigania leseni ili mtu wangu aende kuua wengine. Tulikaa naye nyumbani, mama akiwepo, tukakubaliana kwamba akionja pombe pikapu inalala palepale ilipo, na ufunguo anaushika utingo wake, ambaye hanywi.

Dhamana tulirudishiwa baadaye. Karani alitaka stakabadhi halisi na kitambulisho cha aliyelipa, kwa hiyo ukimlipia mtu wako, hakikisha imeandikwa kwa jina lako na uitunze usiipoteze hadi kesi iishe.