Zulia la Ndege ya Daktari

Kwa miaka 22 nimekuwa nikishona viti na kutandika sakafu za magari katika kibanda changu karibu na soko la Kibuye, Kisumu, na katika muda huo nimeshughulikia pikapu, mabasi, matatu zenye mazulia mekundu yaliyopanda hadi darini, na hata boti moja ya kutembeza watalii ziwani. Ndege sikuwa nimewahi kuigusa. Kwa hiyo alipokuja daktari mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, akaniambia kwamba zulia la ndege yake limechakaa na angependa nimtengenezee jingine, nilimtajia bei ya gari dogo papo hapo, tena kwa kujiamini, kwa sababu katika picha alizonionyesha kwenye simu niliona vipande sita tu, hakuna hata kimoja kilichozidi ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Bei hiyo niliijutia kabla ya wiki kwisha.

Ndege yenyewe ni Cessna 172 ya mwaka 1975, yenye viti vinne, ya aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na ambayo imeundwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000. Daktari huiendesha mwenyewe kwenda Kakamega na Kitale. Zulia lilikuwa la rangi ya kahawia, na mahali ambapo visigino vya rubani hukaa lilikuwa limelika hadi kitambaa cha chini kikaonekana. Kilichomleta kwangu, hata hivyo, si uchakavu huo. Injinia anayeitunza ndege hiyo, ambaye husafiri kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, alikuwa ameona kwamba pembe moja ya zulia imeanza kujikunja kuelekea kwenye kanyagio la kushoto, akamwambia Daktari kwamba hatatia saini ukaguzi wa mwaka mpaka jambo hilo lirekebishwe.

Injinia huyo ni mwanamke wa rika la binti yangu wa kwanza. Tulipozungumza kwa simu mara ya kwanza aliniambia mambo mawili tu: "Mzee, usinunue zulia kabla sijaona karatasi yake, na ile gundi yako ya magari iache nyumbani." Nakiri kwamba nilikasirika kidogo, kwa maana gundi ndiyo iliyonisomeshea watoto.

Habari ya karatasi niliielewa upesi kuliko ile ya gundi. Zulia la ndege ni lazima lipimwe kwa moto, na aliyelipima aandike matokeo. Kipimo alichokitaka Injinia ni kile cha ndege kubwa za abiria, ambapo kipande huning'inizwa wima na kuchomwa kwa sekunde 12, kisha moto unapoondolewa kipande kinatakiwa kijizime chenyewe ndani ya sekunde 15, kiwe hakijaungua zaidi ya inchi 8, na matone yanayodondoka yasiendelee kuwaka kwa zaidi ya sekunde 5. Ndege ndogo za zamani zina masharti mepesi kuliko hayo, lakini Injinia alisema kwamba katika chumba kidogo namna ile, ambamo tangi la petroli limo ndani ya bawa juu ya kichwa chako na swichi ya kuchagua tangi iko sakafuni katikati ya viti, haoni sababu ya kutafuta kilicho hafifu.

Kwa kuwa mimi ni mbishi, nilichukua ukanda wa zulia ninalotumia kwenye matatu, nikautundika kwa waya nyuma ya kibanda na kuuwasha huku nikihesabu. Zulia hilo ni la polipropilini, plastiki inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi. Lilikunjamana, likaanza kudondosha matone yanayowaka, na sekunde 15 zilipopita lilikuwa bado linawaka kwa furaha. Nikalikanyaga. Siku iliyofuata nilifanya vivyo hivyo na kipande cha sampuli ya sufu alichonitumia Injinia: kilifuka moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua, kikageuka makaa meusi, na nilipoondoa kiberiti kikazimika. Sufu kwa asili yake haishiki moto kwa urahisi, kwa sababu ina naitrojeni nyingi na huhifadhi unyevu. Tuliagiza sufu. Hata uzi wa kushonea na utepe wa kupindia kingo uliulizwa karatasi yake, jambo ambalo sijawahi kuulizwa na mwenye matatu yeyote.

Siku ya kazi nilisubiri kibali cha kuingia uwanjani kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, lakini hilo tuliache. Injinia alitangulia kuvitoa viti yeye mwenyewe, na hapo ndipo aliponipigisha magoti mbele ya reli. Kiti cha mbele cha ndege hii huteleza juu ya reli zilizotobolewa matundu, na pini huzama ndani ya tundu ili kiti kisisogee. Tundu likilika na kupanuka, au uchafu ukilijaza, pini haizami vizuri. Ndege inapoinua pua wakati wa kupaa, kiti cha namna hiyo kinaweza kufyatuka na kurudi nyuma pamoja na rubani, naye akiwa ameushika usukani huuvuta bila kukusudia, pua ikazidi kupanda wakati miguu yake haifiki tena kwenye makanyagio. Watu wamekufa kwa sababu hiyo. Mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo la lazima la kukagua reli hizo mwaka 1987, ikalitoa upya mwaka 2011, na kwa mujibu wa agizo hilo tundu likipanuka kupita inchi 0.42, yaani karibu milimita 10.7, reli hubadilishwa.

Injinia alipima matundu yote, nayo yalikuwa salama. Lakini katika matundu matatu ya reli ya kulia alichokoa nyuzi za kahawia zilizoshindiliwa kama pamba kwenye sikio, na nyuzi hizo zilitoka kwenye zulia. Aliyelitandika zamani, fundi ambaye hatumjui, alilikata likabana reli pande zote mbili, kama ningelifanya mimi katika gari, ambamo ukingo unaobana ndio unaoonyesha ustadi wa mkono. Basi tangu dakika ile nilijua kwamba zulia langu litaishia sentimita moja kabla ya reli, na kwamba ukingo huo utapindwa kwa utepe ili usitoe uzi hata mmoja.

Kulibandua lile la zamani kulichukua siku nzima na nusu, nami nilikuwa nimekadiria saa mbili. Lilikuwa limegundishwa kuanzia mbele hadi nyuma. Chini ya sakafu ya ndege hupita nyaya za chuma zinazovuta usukani wa mkia, pamoja na makapi yanayoziongoza, na ili mtu aweze kuzikagua sakafu imewekewa vifuniko vidogo vilivyofungwa kwa skrubu. Viwili kati ya vifuniko hivyo vilikuwa chini ya gundi, na skrubu zake zilikuwa zimefunikwa kama ndizi zilizokaangiwa ndani ya unga. Injinia aliviangalia kwa muda bila kusema neno, kisha akaniuliza kama ninadhani kuna mtu aliyevifungua tangu zulia lilipowekwa. Sikumjibu. Nilikuwa nikiyafikiria magari yote niliyowahi kuyafunika hivyo hivyo, nikijiambia kwamba fundi mwenzangu wa makanika atajua pa kukata.

Tulipovifungua tulikuta mambo ya kuchekesha na mengine yasiyochekesha. Kulikuwa na maganda ya njugu, kalamu moja, sarafu ya shilingi tano, na rundo la wadudu wa ziwani waliokauka, wale wanaopaa juu ya maji asubuhi ukadhani ni moshi wa jahazi linaloungua. Sarafu ndiyo iliyomfanya Injinia aite Daktari aje aione, kwa sababu ilikuwa imelala karibu kabisa na kapi la waya wa usukani.

Jambo lisilochekesha lilikuwa karibu na mlango wa abiria. Mpira wa kuzuia maji mlangoni ulikuwa umechoka, mvua imekuwa ikipenya kidogo kidogo, na zulia pamoja na sponji iliyokuwa chini yake vilikuwa vimeyanywa maji hayo na kuyahifadhi juu ya alumini kwa miaka. Alumini haipati kutu nyekundu kama chuma, bali hutoa unga mweupe mithili ya chokaa, na unga huo ulikuwa umeenea eneo la viganja viwili. Mimi nilishika sufi ya chuma ili niusugue, kama ninavyofanya kwenye sakafu za magari, na Injinia akanishika mkono. Chembe za chuma zikibaki juu ya alumini, pakiwa na unyevu, huichochea ile alumini iharibike zaidi, kwa hiyo unasugua ugonjwa na kuupanda upya kwa wakati mmoja. Alitumia sifongo ngumu ya nailoni, akapima kina cha mashimo, akaridhika kwamba bati halijaliwa sana, kisha akapaka dawa na ile rangi ya kwanza ya kijani-manjano ambayo mtu yeyote aliyechungulia ndani ya ndege ndogo ataikumbuka. Pia alizibua matundu mawili ya kutolea maji kwenye tumbo la ndege, ambayo yalikuwa yamezibwa na gundi iliyochanganyika na manyoya ya zulia. Hapo ndipo nilipokoma kuitetea gundi.

Kukata na kushona sitaeleza kwa urefu, kwa maana kazi hiyo haina tofauti kubwa na ya gari, isipokuwa kwamba vipande vya zamani havikufaa kuwa vielelezo. Vilikuwa vimenyooka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine, na kama ningevifuata ningelirudia kosa la pembe iliyojikunja. Nilikata vielelezo vipya kwa karatasi ya kaki juu ya sakafu yenyewe, nikaweka alama za mahali pa mikanda ya usalama, swichi ya petroli na vifuniko vyote, kisha nikahakikisha kwamba manyoya ya vipande vyote sita yanalala kuelekea mkiani, ili rangi isionekane kama ya mazulia mawili. Chini ya visigino vya rubani nilishonea kipande cha mpira mwembamba. Daktari alikuwa ameomba sponji nene ili sakafu iwe laini kama sebuleni kwake, lakini Injinia alikataa, nami nilikuwa nimekwisha kujifunza vya kutosha kumuunga mkono: kinachoinua kisigino kwa sentimita mbili hubadilisha namna mguu unavyofika kwenye breki.

Vipande vimeshikiliwa kwa velkro na kwa vile vipande vya alumini vya kizingitini vinavyofungwa kwa skrubu. Juu ya kila kifuniko cha ukaguzi zulia linainuliwa kwa mkono mmoja. Nilimwomba Injinia ajaribu, akalitoa lote na kulirudisha katika muda ambao mimi nilitumia kunywa kikombe cha chai.

Kabla ya kutandika, tulipima uzito wa zulia la zamani na jipya kwenye mizani niliyoazima kwa muuza samaki. La zamani, pamoja na sponji yake na uchafu wake, lilikuwa na kilo 6.1, na jipya kilo 5.2. Daktari alipiga hesabu kwamba amejipatia nafasi ya lita moja na robo ya petroli, kwa kuwa lita ya petroli ya ndege ina uzito wa gramu 720 hivi, akafurahi kupita kiasi kilichostahili. Injinia aliandika tofauti hiyo katika daftari la matengenezo, akabandika nakala ya karatasi ya kipimo cha moto, akatia saini. Saini yangu haimo, wala haikutakiwa. Mimi sina leseni ya kusema kwamba ndege iko tayari kuruka, na baada ya siku nne ndani ya ile ndege sitamani kuwa nayo.

Jaribio la mwisho lilikuwa la miguu. Daktari alivaa viatu vyake vya kurukia, akakaa, akasogeza kiti hadi pini ikalia, akasukuma kanyagio la kushoto mpaka mwisho, kisha la kulia, kisha yote mawili pamoja na breki, huku mimi nikiwa nimelala kifudifudi mlangoni nikimulika kwa tochi ya simu. Kanyagio la kulia lilipofika mwisho, ncha ya kiatu iligusa ukingo wa zulia kwa upana wa ukucha. Haikukwama, iligusa tu. Daktari alisema hakuna neno. Injinia alinitazama, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimekwisha kukibandua kile kipande. Nilirudi nacho Kibuye kwa bodaboda, nikafumua utepe, nikapunguza sentimita mbili, nikapinda upya, na saa kumi na moja jioni nilikuwa tena kwenye lango la uwanja nikiomba kibali kingine.

Vielelezo vya karatasi ya kaki nimevikunja na kuviweka juu ya kabati la nyuzi. Kile cha kulia mbele nimekikata kwa kipimo kipya na kuandika juu yake, kwa kalamu nyekundu, "viatu vya Daktari".