Siku moja Nyakabande, kwenye meza ya watoto

Saa kumi na moja alfajiri baridi ya Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, inaingia mpaka kwenye mifupa, na mlima Muhabura umemezwa na ukungu. Tumekuja watu tisa kutoka kanisa letu la Kampala. Tumelala kwenye darasa la shule ya Jumapili, na kabla sijafunga kitenge vizuri, kina mama wenyeji wamekwisha kuinjika uji. Tunaomba, tunakunywa chai kwa viazi, tunapakia masweta na miche ya sabuni.

Saa mbili tuko kituoni. Nyakabande si mahali pa kukaa. Anayevuka mpaka wa Bunagana akikimbia vita vya Kongo hupokelewa hapa, husajiliwa, kisha basi humpeleka kwenye makazi kama Nakivale, kule Isingiro. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Bunagana, Juni 2022, nimefika hapa mara tatu. Usajili ni wa serikali na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Sisi tunafanya tunachoombwa. Mimi huombwa ukalimani. Nilizaliwa Bukavu, na Kiswahili cha kwetu ndicho ninachokuja kutoa.

Saa nne nikaitwa kwenye meza ya watoto waliofika bila mzazi. Mvulana wa miaka sita hivi alikuwa amemshika mdogo wake mkono, hataki kumwachia hata kupokea kikombe. Dada wa ustawi wa watoto akauliza, nami nikatafsiri: mama anaitwa nani?

“Mama.”

Tukajaribu tena, jibu likawa lile lile. Nikakumbuka nyumbani. Nikamwuliza: jirani akija kuomba chumvi, anabisha hodi akisema nini?

Akataja: Mama fulani. Jina lenyewe siliandiki hapa, ni la mtoto na la wanaomtafutia ndugu zake. Ila halikuwa jina lake, wala la yule mdogo. Dada alikuwa ameanza kuliandika kama jina la mama. Nikamwomba asubiri, nikamweleza kwamba kwetu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza.

“Huyo ni nani, mwanangu?”

“Ni yaya. Iko. Alibakia na mama kwenye mto.”

Yaya ni dada mkubwa. Kumbe kulikuwa na mtu wa tatu ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza habari zake, na mama aliyeonekana mara ya mwisho akiwa hai. Yote yakaandikwa, ili Msalaba Mwekundu wapate pa kuanzia kutafuta.

Saa saba tulikula posho, yaani ugali, na maharagwe. Mchungaji alisema maneno machache tu, habari za Yesu kukimbizwa Misri usiku akiwa mtoto. Mzee mmoja akanivuta mkono.

“Na walirudi kwao?”

“Walirudi, mzee wangu.”

Hakuuliza lingine. Hakuniachia mkono mpaka sala ikaisha.

Saa tisa, masweta. Mara ya kwanza tulipokuja tulikosea, na mpaka leo linaniuma. Mwenzetu alipaza sauti yatima wapite mbele wapewe madaftari, na mimi ndiye niliyetafsiri. Mama mmoja akamsukuma mwanawe wa kumzaa, apate daftari. Msichana ambaye hakujua kama baba yake yu hai akaambiwa na wenzake, “Nenda, ni wewe.” Alikwenda akilia. Neno lile nililisema mimi, kwa kinywa changu, kwa mtoto ambaye huenda baba yake alikuwa akimtafuta upande wa pili wa mpaka. Tangu siku ile tunaita kwa kimo: wafupi kwanza, kisha warefu. Wenzangu nawaomba wasimwite mtoto yatima hapa mpaka ijulikane.

Saa kumi na moja jioni gari lilikuwa limewashwa tayari. Yule mvulana akaja mbio, mikono ya sweta ikimning’inia, mdogo wake nyuma.

“Mama, nimekumbuka. Kitenge yake iko na ndege.”

Nikamwambia dereva atusubiri. Tukarudi mezani. Dada alikuwa amefunga faili. Akalifungua, akatafuta kalamu.

“Mwulize, ndege wa rangi gani?”

Nikamwuliza. Akafumba macho, mkono wa mdogo wake ungali mkononi mwake, akaanza kufikiri.